Njaa Katikati ya Kijani: Filamu ya Ashani Sanket kama Ushahidi wa Historia ya Baa la Njaa la Bengal, 1943

Historia ya baa la njaa huandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na kumbukumbu za watu waliokuwa wakila. Ripoti za tume, majedwali ya bei, barua za magavana na hesabu za maghala vyote viliandaliwa na watu ambao chungu chao hakikukauka. Waliokufa, hasa vibarua wa mashambani, wavuvi na wanawake wakoboa mpunga, hawakuacha nyaraka. Pengo hilo ndilo linalozua swali la msingi la makala haya: je, filamu ya kubuni inaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi wa kihistoria, na kama ndivyo, ni ushahidi wa jambo gani? Swali hilo linachunguzwa kupitia filamu ya Ashani Sanket, jina la Kibengali lenye maana ya ishara ya radi, iliyoongozwa na Satyajit Ray na kutuzwa Dubu wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 1973.

Mazingira ya baa hilo yanafahamika. Mapema mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliiteka Burma, nchi ambayo mwaka 1944 askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki walipelekwa kupigania. Kutekwa huko kulikata mchele uliokuwa ukiingia Bengal kutoka Burma. Serikali ya kikoloni ya Uingereza, kwa kuhofu uvamizi, ilitekeleza sera ya kumnyima adui riziki na usafiri katika wilaya za pwani: akiba ya mpunga iliondolewa, na takriban theluthi mbili ya mashua zilizosajiliwa ziliharibiwa au kuchukuliwa. Katika nchi ya mito, kumnyang'anya mtu mashua ni kumnyang'anya soko, shamba na nyavu. Oktoba 1942 kimbunga kiliipiga wilaya ya Midnapore, na ugonjwa wa mimea ukaathiri mavuno ya majira ya baridi. Mjini Calcutta bei ya mchele, iliyokuwa rupia 13 hadi 14 kwa maund (kipimo cha takriban kilo 37) mwezi Desemba 1942, ilifika rupia 37 mwezi Agosti 1943.

Tume ya Uchunguzi wa Njaa, iliyoongozwa na John Woodhead na kutoa ripoti yake mwaka 1945, iliweka uzito mkubwa katika upungufu wa mchele. Hoja hiyo ilipingwa na mwanauchumi Amartya Sen, aliyelishuhudia baa hilo akiwa mtoto wa miaka tisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa, Sen alionyesha kwamba mchele uliopatikana Bengal mwaka 1943 ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 5 tu kuliko wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na ulizidi ule wa mwaka 1941, mwaka ambao haukuwa na baa la njaa. Kwa mujibu wake, kilichoporomoka ni uwezo wa makundi fulani kukipata chakula kilichokuwapo. Ujira haukupanda sambamba na bei, na huduma za mafundi na vibarua zikakosa wanunuzi.

Filamu ya Ray ilitangulia kitabu hicho kwa miaka minane. Haitaji nadharia yoyote, lakini inauonyesha mchakato huohuo kwa kiwango cha kaya moja. Gangacharan ni Mbrahmini aliyehamia kijiji kisichokuwa na mtu wa tabaka lake. Anakuwa kuhani, mwalimu na mganga, na malipo yake huja kwa mchele na mazao mengine. Vita vinafika kijijini kwa namna mbili tu: ndege zinazopita angani, ambazo zinampendeza mkewe Ananga, na majina ya miji ya mbali ambayo wanakijiji hawajui iko wapi. Kisha bei inapanda. Wanaomlipa mwalimu kwa nafaka hawana tena nafaka ya kutoa. Mwenye duka anaanza kukana kwamba ana mchele. Fedha iliyomo mfukoni mwa Gangacharan inageuka kuwa karatasi, kwa kuwa hapana anayekubali kuibadilisha kwa chakula.

Sehemu yenye uzito mkubwa kwa mwanahistoria ni ile ya kukoboa mpunga. Ananga anajiunga na wanawake wanaokoboa kwa kinu cha mguu ili kulipwa mchele, kazi isiyolingana na hadhi ya mke wa Mbrahmini. Kazi hiyo nayo inakoma. Wenye mpunga wanapoacha kuutoa, mkoboaji anapoteza ujira na chakula kwa mkupuo mmoja, kwani kwake ujira na chakula ni kitu kimoja. Wakoboa mpunga wametajwa katika uchambuzi wa Sen miongoni mwa makundi yaliyoathirika vibaya, pamoja na vibarua wa mashambani, wavuvi na wachukuzi. Jedwali hutaja kundi. Filamu huonyesha siku ambayo kinu kinanyamaza na wanawake wanageukia viazi vya porini na konokono.

Mfuatano wa maangamizi katika filamu nao una maana ya kihistoria. Anayekufa kijijini mbele ya macho ya mtazamaji ni Moti, mwanamke wa tabaka la wasioguswa. Chhutki, mwanamke mwingine wa kijiji, anautoa mwili wake kwa mfanyakazi wa tanuri la matofali ili apate mchele, na mwishowe anaondoka naye kwenda mjini. Mbrahmini anasalia, lakini si bila gharama: anaishika mkono maiti ya Moti kutafuta mapigo ya moyo, tendo ambalo mila ya tabaka lake ingelilaani. Njaa katika filamu hii haiwasawazishi watu. Inawaua kwa mpangilio uleule ambao jamii iliwapanga, na wakati huohuo inaulegeza mpangilio huo kwa wale waliobaki hai.

Baadhi ya wahakiki waliilaumu filamu kwa uzuri wa rangi zake: mashamba ya kijani, maji yanayometameta, vipepeo. Walidai kwamba uzuri huo unapunguza makali ya mateso. Lawama hiyo inapuuza hoja yenyewe. Mtazamaji aliyezoea picha za ardhi iliyopasuka kwa kiu hutafuta chanzo cha njaa mbinguni. Kijani cha Ashani Sanket kinamnyima kisingizio hicho na kumlazimisha kutafuta chanzo katika soko, katika ghala na katika ofisi.

Hata hivyo, filamu ina mipaka ambayo mtafiti hapaswi kuifumbia macho. Kwanza, maandishi ya mwisho yanataja vifo zaidi ya milioni 5, vikiwemo vya magonjwa ya mlipuko. Tume ilikadiria takriban milioni 1.5, na makadirio ya wataalamu wa baadaye yapo zaidi kati ya milioni 2.1 na milioni 3. Filamu haiwezi kuwa chanzo cha idadi. Pili, watunga sera hawana nafasi katika simulizi. Uamuzi wa kuzikamata mashua, mpango wa kuwapa kipaumbele cha chakula wafanyakazi wa viwanda vya vita mjini Calcutta, na kukataa kutangaza rasmi hali ya njaa kwa mujibu wa kanuni zilizokuwapo, yote hayo yamo nje ya fremu. Mtazamaji asiye na maarifa mengine anaweza kudhani kwamba mkosaji ni mwenye duka peke yake. Tatu, mhusika mkuu ni mtu mwenye hadhi. Riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, ambayo ndiyo msingi wa filamu, ilichagua jicho hilo, na Ray akalifuata. Hivyo kifo cha Moti kinaonekana kutoka upande wa walionusurika.

Mipaka hiyo inasaidia kujibu swali la awali. Ashani Sanket si ushahidi wa idadi ya waliokufa wala wa maamuzi yaliyofanywa katika ofisi za serikali. Ni ushahidi wa namna njaa ilivyoeleweka na watu ambao habari za sababu zake hazikuwafikia, ulioandaliwa na mwandishi na mwongozaji waliouishi mwaka ule huko Bengal. Kwa wanakijiji hao, kutojua kulikuwa sehemu ya maafa: hawangeweza kudai haki kwa mamlaka wasiyoiona. Historia ya baa la njaa inayoishia kwenye bei na shehena hueleza kwa nini watu walikufa. Inapozingatia pia kinu kilichonyamaza, hueleza kilichopotea siku nyingi kabla ya mtu wa kwanza kufa.