Jinsi mwanga unavyofichua maradhi ya ini

KAMUKUYWA ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, katika Kaunti ya Bungoma. Hii ni nchi ya mahindi na miwa, na ghala la mahindi lina uhusiano mkubwa na afya ya ini kuliko wengi wanavyodhani.

Ini hukaa upande wa kulia chini ya mbavu. Kazi yake ni pamoja na kuondoa sumu katika damu na kutengeneza nyongo. Ni kiungo kivumilivu mno: laweza kuharibika kwa miaka mingi bila mwenyewe kuhisi maumivu. Mgonjwa afikapo hospitalini tumbo likiwa limejaa maji, mara nyingi huwa amechelewa. Ndiposa madaktari hutafuta njia za kulitazama mapema.

Njia ya kwanza ni macho tu. Ini likishindwa kuondoa bilirubini, rangi itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, weupe wa macho hugeuka manjano. Dalili hii hutazamwa vyema kwenye mwanga wa mchana, kwa kuwa taa yenye mwanga wa manjano huificha.

Njia ya pili ni hadubini. Daktari hunyofoa kipande chembamba cha ini kwa sindano, kisha kipande hicho hutiwa rangi na kuchunguzwa iwapo kina kovu au saratani. Hata hivyo, sindano yaweza kusababisha kuvuja damu. Aidha, kipande hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na ini zima, na huenda kikakosa sehemu iliyougua.

Njia ya tatu ni kuingiza bomba jembamba lenye taa na kamera kupitia tundu dogo tumboni. Daktari Mjerumani Heinz Kalk aliendeleza uchunguzi wa aina hii kuanzia 1929. Kwa njia hiyo, uso wa ini huonekana waziwazi: ini zima huwa laini, ilhali lililojaa makovu huwa na vinundu.

Njia mpya zaidi hutumia rangi iitwayo indosayanini ya kijani, iliyoidhinishwa Marekani mnamo 1959. Ikidungwa kwenye mshipa, huchukuliwa na ini pekee na kutolewa kupitia nyongo. Kifaa kinachobanwa kidoleni hupima kwa mwanga jinsi rangi hiyo inavyopungua katika damu. Baada ya dakika 15, mtu mwenye ini zima huwa amebakiwa na chini ya asilimia 10. Ikibaki nyingi, ini limedhoofika.

Rangi hiyo hiyo ikimulikwa kwa miale ya infraredi hung'aa, na kamera maalumu huuona mng'ao huo. Kwa kuwa uvimbe wa saratani hushindwa kuiondoa rangi upesi, mpasuaji huweza kuona vivimbe vidogo ambavyo macho na vidole vyake vingevikosa.

Lakini mwanga una mpaka. Miale hiyo hupenya takriban sentimita moja tu ndani ya ini, hivyo uvimbe ulio ndani zaidi hauonekani. Hapo ndipo mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, yanapofaa. Mfano bora uko Turkana, ikifikiwa kwa barabara hiyo hiyo ipitayo Kitale. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa shirika la AMREF walibeba mashine za ultrasaundi hadi vijijini humo kutafuta malengelenge ya hidatidi, maradhi yaletwayo na minyoo ya mbwa ambayo mara nyingi huvamia ini.

Mwanga vilevile hutumika kukagua chakula. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu itoayo sumu ya aflatoksini. Herufi B na G katika majina ya aina zake zimetokana na maneno ya Kiingereza ya rangi ya buluu na kijani, ambazo sumu hizo hutoa zikimulikwa kwa miale ya urujuanimno. Mnamo 2004, sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kugeuza mahindi yaliyooza kuwa busaa si kinga. Ikikutana na virusi vya homa ya ini ya aina ya B, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi.

Basi kinga yaanza nyumbani: kukausha mahindi vyema juu ya turubai kabla ya kuyaweka ghalani, na kuhakikisha watoto wanapata chanjo ya homa ya ini ya B, iliyoingizwa katika chanjo za kawaida za Kenya mnamo 2001. Naye mwenye macho ya manjano au tumbo linalovimba asingoje maumivu, bali afike hospitalini mara moja, apimwe damu na kupigwa picha ya ultrasaundi.