Mwana wa Bukavu na filamu za nyimbo

Mwezé Ngangura alipozaliwa Bukavu mwaka 1950, mzazi Mwafrika wa mji huo hakuwa na ruhusa ya kujichagulia filamu ya kuwaonyesha wanawe. Tangu 1945 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilikuwa imeweka sheria: Mwafrika aone zile tu zilizopitishwa kwa ajili yake, na kumbi za Wazungu zibaki za Wazungu. Ndiyo maana inafurahisha kwamba mtoto wa mji huohuo ndiye aliyekuja kuwapa Wakongomani filamu ya nyimbo, mapenzi na vichekesho wanayoikumbuka hadi leo, La Vie est belle ya 1987.

Bukavu, iliyoitwa Costermansville mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, haikuwa na njaa ya sinema. Mapadri Weupe walikuwa na studio yao hapo, Africa Films, chini ya Padri De Vloo. Huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Padri Van Haelst wa shirika la Scheut aliwapiga picha Matamata mnene na Pilipili mwembamba, wawili wasiokosa kujitia matatani. Mwenzake wa shirika hilohilo, Padri Van den Heuvel, alitoa katuni za Mboloko, paa mdogo mwenye akili kuliko wanyama wakubwa; watoto wa Kivu wangemtambua mara moja kuwa ndugu wa sungura wa hadithi za bibi zao.

Filamu nyingi za mapadri hazikuwa na sauti. Mfafanuzi alisimama kando ya kitambaa cheupe na kusimulia kwa lugha ya wenyeji, na watu wakacheka kwa nguvu. Kicheko hicho kilikuwa cha kweli na hakistahili kubezwa. Lakini hadithi ilikuwa na mwenyewe: mvivu aliadhibiwa, mlevi aliaibika, mtiifu akasifiwa, kwa kuwa mtengenezaji alikuwa ameshaamua Mwafrika ajifunze nini kabla hajaamua acheke nini.

Zanzibar miaka hiyohiyo mambo yalikwenda vingine kabisa. Sikukuu ya Idd ilikuwa ndiyo msimu wa sinema. Watoto wenye nguo mpya walipeleka senti zao za sikukuu Majestic, Empire au Sultana, na familia nzima zikaingia kutazama filamu za Kihindi zilizojaa nyimbo. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, iliimbwa mitaani na watu wasiojua Kihindi, na waimbaji wa taarabu wakachukua mahadhi ya filamu hizo na kuyatilia mashairi ya Kiswahili. Aliyelipa tiketi ndiye aliyechagua, naye alichagua muziki.

Ngangura alikwenda kusomea filamu Ubelgiji, kisha akarudi nyumbani na kufundisha katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa, Kinshasa. Nchi sasa ilikuwa Zaire, na sikukuu zenyewe zilikuwa zimeingiliwa na serikali. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Mwaka 1974 akaiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa, na tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Nyimbo na ngoma hazikukosekana, ila zilitakiwa zimsifu kiongozi, kwa sare na kwa mpangilio. Kwa mji kama Bukavu, ambako kwaya hufanya mazoezi wiki nyingi kuelekea usiku wa Noeli na watoto hungoja Bonane, yaani Mwaka Mpya, ili wavae nguo mpya, jambo hilo liligusa kila nyumba.

Katika nchi hiyo iliyoimbishwa kwa amri, Ngangura, akishirikiana na Mbelgiji Benoît Lamy, alitoa filamu ambamo watu wanaimba kwa sababu wanataka. Mwimbaji Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki maskini anayetoka kijijini kwenda Kinshasa akiota kusikika redioni. Anapata kazi ya utumishi kwa tajiri mwenye klabu ya usiku, anampenda Kabibi, kumbe tajiri naye amemtaka msichana huyohuyo awe mke wa pili, kwa masharti ya mganga. Mwimbaji Pepe Kallé, jitu la mtu, anatokea na Emoro mfupi mwenye kucheza kama moto. Mwimbaji Tshala Muana naye yumo. Jiji linaonekana likihangaika na kujipamba kwa wakati mmoja. Hakuna anayehubiriwa. Mkubwa anaelewa mzaha wa tajiri na mganga wake, mtoto anatosheka na ngoma.

Ngangura alijua anachofanya. Katika makala iliyochapishwa 1996 aliuliza kama sinema ya Afrika iwe ya harakati au ya burudani, akatetea burudani: filamu isiyopendwa na watu wa nyumbani haiwezi kuwafikishia lolote. Miaka mitatu baadaye filamu yake Pièces d'identités, juu ya mfalme mzee Mani Kongo anayemtafuta binti yake Ubelgiji, ilishinda Étalon de Yennenga huko Ouagadougou, tuzo kubwa kuliko zote za tamasha la filamu la FESPACO. Nayo imejengwa kama ngano. Baadaye akatoa Les Habits neufs du gouverneur, akimchukua mtawala mpenda mavazi wa Hans Christian Andersen, hadithi ya 1837, na kumweka katika nchi ya Kiafrika ya kubuni, kwa nyimbo.

Filamu hizo zimezunguka Ulaya na Marekani, nyingi kwa Kifaransa na Lingala. Sasa zinastahili kuonyeshwa bure katika mitaa ya Kadutu na Bagira, Bukavu, wiki ya Noeli na Bonane, mtu wa mji huo akisimama kando ya kitambaa na kuzisimulia kwa Kiswahili cha hapo, kwa wazazi wanaoweza kuondoka wakitaka au kudai zirudiwe.