Kabla Sijalipia Polo GTI, Nilimuuliza Babu wa Peugeot

Wasee, nina milioni 1.4 kwa akaunti. Ni pesa ya miaka minne: matangazo, kupiga picha za harusi, na mkopo wa sacco ambao mama alinidhamini. Kuna Polo GTI nyeupe hapa Nairobi, 1.8 turbo, otomatiki, na muuzaji ananipigia kila siku. Kabla hujaniandikia "nunua Probox uache ujinga", ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Kwetu ni Kenyenya. Ukishuka kutoka Kisii mjini kupitia Ogembo, gari utakayokutana nayo kila kona ni Probox. Watu tisa ndani, mmoja amekalia kiti kimoja na dereva, ndizi kwa buti. Rika langu tunadhani imekuwa hivyo tangu Adamu. Lakini Probox yenyewe ilianza kuundwa Japani mwaka 2002. Kabla yake, gari ya heshima Gusii ilikuwa Mfaransa.

Babu yangu aliendesha Peugeot 504 ya abiria miaka ya 80, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Nilipompigia simu kumwambia kuhusu Polo, hakuuliza bei. Aliuliza, "Fundi wake ni nani?"

Mimi nilitaka kubishana naye kwa historia, na historia niko nayo. Mwaka 1953 yalipoanza mashindano ya East African Coronation Safari, gari iliyopata adhabu chache zaidi ilikuwa VW Beetle ya Alan Dix na mwenzake Larsen. Kigari kidogo cha Ulaya, unaona? Halafu Peugeot 404 ikashinda Safari 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 zilimaliza gari saba tu kila mwaka, na zote mbili ziliongozwa na 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. 504 nayo ikachukua 1975 na 1978. Kwa hivyo mtu asiniambie ati gari za Ulaya haziwezi matope yetu.

Babu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekisoma mahali popote: walioipenda 504 hawakuipenda kwa sababu ilishinda mbio. Ile ndefu ilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma na springi nne, mbili kila upande, kwa hivyo ilibeba watu na magunia bila kulalamika. Injini ilikuwa ya kabureta. Ikizima mlimani, anafungua boneti, anasafisha jeti, anapuliza kwa mdomo, safari inaendelea. Gari hizo ziliunganishwa hapa hapa Kenya, kwa hivyo spea zilikuwepo, na kila mji wa barabara kuu ulikuwa na mtu aliyeijua kwa kichwa.

Basi ikaenda wapi? Mapema miaka ya 90 soko lilifunguliwa na mitumba ya Japani ikaanza kumiminika. Toyota iliyotumika ilikuwa bei nafuu kuliko gari mpya ya kuunganishwa, spea zikaja nayo, na mafundi wa jua kali wakahamia huko. Peugeot haikushindwa na barabara ya Ogembo. Iliachwa na mafundi wake. (Na kwetu kwa Kigusii "baba" ni mama, kwa hivyo nikisema baba wa gari hizi alikufa, Mgusii atacheka. Hiyo ni posti ya siku ingine.)

Sasa rudi kwa Polo yangu. Volkswagen ilichukua ubingwa wa dunia wa rally kwa Polo miaka minne mfululizo, 2013 hadi 2016. Hiyo ndiyo video muuzaji alinitumia. Sawa, lakini angalia tarehe: Safari ilitoka kwenye kalenda ya dunia baada ya 2002 na kurudi 2021. Polo ile bingwa haikuwahi kuonja vumbi la Naivasha. Iliyoonja ni ndugu yake, Polo GTI R5 ya Onkar Rai, iliyomaliza nambari 7 mwaka 2021. Si haba. Tofauti ni kwamba Onkar alikuwa na timu nzima ya mafundi nyuma yake. Mimi nina Babu na spana.

Ati Polo zilianza kuunganishwa Thika mwisho wa 2016? Kweli, lakini hiyo ni Polo Vivo, injini ya kawaida bila turbo, juu ya muundo wa Polo ya zamani. Spea zake si za GTI.

Kilichonikata maini ni giaboksi. Otomatiki ya GTI hii ni DSG ya gia saba yenye klachi kavu. Mwaka 2013 Volkswagen iliita gari milioni 1.6 duniani kubadilisha oili ya familia hiyo ya giaboksi, shida ikiwa zaidi kwenye joto na foleni. Ya kwangu ni ya baadaye, nakubali. Bado, giaboksi hiyo mwisho wake ni Nm 250 za nguvu ya kuvuta, ndiyo maana injini ile ile ukiipata na gia za mkono inatoa 320. Fikiria hapo: kiwanda kilipunguza nguvu ili giaboksi isiumie. Na niliuliza gereji tatu Kisii mjini. Hakuna hata moja iliyokubali kuifungua. Moja iliniambia niilete na lori hadi Nairobi.

Klachi ya gia za mkono? Wote watatu walicheka. Hiyo wanabadilisha kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hivyo muuzaji wa ile nyeupe, pole. Natafuta ya gia za mkono. Shida ni sheria ya miaka 8: GTI za umbo hilo zimeshazeeka kuagizwa kutoka Uingereza, kwa hivyo lazima nipate iliyokwisha kuingia nchini. Kuna moja Eldoret, ya buluu, na picha zake hazionyeshi chini. Jumamosi naenda kuiona. Babu amesema nimpitie Kenyenya kwanza, na amesema atabeba godoro dogo la kulalia chini ya gari.