Kiwango Lengwa cha Kolesteroli

Karatasi ya majibu ya maabara huonyesha jina la kipimo, namba ya mgonjwa na, pembeni, kiwango cha kawaida. Mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo akikuta kolesteroli yake ya LDL ni milimoli 2.4 kwa lita, na pembeni pameandikwa "chini ya 3.4", hushusha pumzi. Wapo wanaoacha vidonge siku hiyohiyo. Lakini namba ile ya pembeni haikuwekwa kwa ajili yake. Ateri zake zimekwisha kujengeka utando wa mafuta, na mtu wa namna hiyo hupimwa kwa kiwango lengwa: kiasi cha LDL ambacho tiba inakusudia kukifikia na kukidumisha. Kiwango cha kawaida hutokana na watu kwa jumla. Kiwango lengwa hutokana na hatari aliyo nayo mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana sipendi vijarida vya afya vinavyosema tu "kiwango kizuri".

Istilahi ya kiwango lengwa ina historia yenye mvutano. Novemba 2013, American College of Cardiology na American Heart Association zilitoa mwongozo wa tiba ulioacha kabisa viwango lengwa. Waandishi wake walitazama majaribio ya dawa wakaona kwamba mengi yalitumia dozi moja isiyobadilika, bila kufukuzia namba. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2002, kwa mfano, watu 20,536 walipewa ama miligramu 40 za simvastatini kila siku ama kidonge kisicho na dawa, wakiwemo wenye ugonjwa wa ateri za miguu. Basi Wamarekani wakasema: mwenye ugonjwa wa ateri, akiwa hajazidi miaka 75, apewe statini ya nguvu kubwa, ile inayoshusha LDL kwa asilimia 50 au zaidi.

Kwa mgonjwa wa ateri za miguu hilo lilikuwa jambo zito. Huyu ni yule anayebanwa na vigimbi akitembea, akisimama kidogo maumivu yanapoa. Mara nyingi hutibiwa maumivu tu, kana kwamba mguu hauna undugu na moyo, ilhali utando uleule unaweza kumletea kiharusi. Mwongozo ulimweka kundi moja na aliyepata mshtuko wa moyo, na hapo nadhani ulitenda haki.

Ulaya haikuacha namba. Mwongozo wake wa 2019 unamtaka mgonjwa wa ateri ashuke chini ya milimoli 1.4, na pia LDL ipungue angalau nusu ya ilivyokuwa kabla ya tiba. Marekani nayo ilirudisha namba mwaka 2018, ila kwa kazi nyingine: mwenye hatari kubwa mno, akiwa bado na milimoli 1.8 au zaidi licha ya statini kwa dozi ya juu anayoivumilia, anaweza kuongezewa dawa ya ezetimibe, na baadaye sindano za kuzuia protini ya PCSK9. Chukua mgonjwa mwenye 1.6. Kwa mwongozo ule wa Marekani anaendelea na statini yake. Kwa ule wa Ulaya bado hajafika, daktari huongeza dawa.

Namba ile ya Marekani ya 2018 basi haikuwa kiwango lengwa. Wengi wangeiita kizingiti, nami nasita, kwa kuwa msomaji wa magazeti amezoea vizingiti kuwa vikwazo, na anaweza kudhani 1.8 ni kitu kinachomzuia kupata dawa. "Kiwango cha kuongeza dawa" ni kirefu, lakini kinasema kazi yenyewe. Anayetafsiri vijarida aandike pia vipimo vyote viwili: milimoli 1.8 kwa lita ndizo miligramu 70 kwa desilita, na mgonjwa aliyepimwa kwenye maabara mbili zinazotumia vipimo tofauti anaweza kudhani kolesteroli yake imepanda ghafla.