Ukusanyaji wa vitabu vya Arthur Rackham

Ukusanyaji wa vitabu vya Arthur Rackham ni shughuli ya kutafuta, kutambua na kutunza vitabu vya zamani vyenye michoro ya Arthur Rackham (19 Septemba 1867 – 6 Septemba 1939), mchoraji wa vitabu kutoka nchini Uingereza. Rackham huhesabiwa kati ya wachoraji wakuu wa kipindi kinachoitwa Zama za Dhahabu za uchoraji wa vitabu, takriban kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1920. Wengine wa kipindi hicho ni Edmund Dulac, mzaliwa wa Ufaransa, na Kay Nielsen wa Denmark.

Vitabu vyake vilianza kukusanywa wakati yeye mwenyewe yuko hai, kwa sababu wachapishaji walitoa nakala chache za kifahari zilizolengwa kwa wakusanyaji. Leo thamani ya kila nakala hutegemea zaidi swali moja: je, kitabu bado ni kizima, au picha zake zimebanduliwa?

Mchoraji

Rackham alizaliwa London, katika familia ya watoto 12. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alianza kazi ya ukarani katika ofisi ya bima ya moto, na wakati huohuo akasoma sanaa katika shule ya Lambeth. Mwaka 1892 aliacha ukarani na kujiunga na gazeti la Westminster Budget kama mwandishi na mchoraji. Michoro yake ya kwanza ndani ya kitabu ilitoka mwaka 1893.

Mwaka 1900 alichora hadithi za ndugu Grimm wa Ujerumani, kazi iliyomfanya afahamike. Mwaka 1903 alimwoa Edyth Starkie, ambaye pia alikuwa mchoraji, nao wakapata binti mmoja. Sifa kubwa ilikuja mwaka 1905 kwa kitabu Rip Van Winkle cha Mmarekani Washington Irving. Picha asilia za kitabu hicho zilionyeshwa na kuuzwa katika jumba la Leicester Galleries mjini London.

Rackham alichora kwanza kwa kalamu na wino mweusi, kisha akapaka tabaka nyembamba za rangi za maji, nyingi zikiwa za kahawia, kijivu na kijani kilichofifia. Michoro yake hutambulika kwa miti yenye mizizi iliyopindapinda na matawi kama vidole, vibwengo, mazimwi, na wasichana wenye nywele zinazopeperushwa na upepo.

Namna vitabu vilivyotengenezwa

Picha za rangi za Rackham zilichapwa kwa mbinu ya rangi tatu. Mchoro ulipigwa picha mara tatu kupitia vichujio, kisha yakatengenezwa mabamba matatu ya kuchapia: la manjano, la jekundu na la buluu. Rangi hizo zilipochapwa moja juu ya nyingine zilitoa picha iliyokaribia mchoro wenyewe.

Mbinu hiyo ilihitaji karatasi laini inayong'aa, tofauti na karatasi ya maandishi. Kwa hiyo picha zilichapwa peke yake, zikakatwa, na kila moja ikabandikwa kwa mkono, kwa gundi kidogo ya ukingoni, juu ya karatasi nene ambayo mara nyingi ilikuwa ya kahawia au kijani. Mbele ya picha iliwekwa karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, yenye maelezo ya picha, ili kuilinda isisuguane na ukurasa wa pili.

Utengenezaji huo ndio ulioleta uzuri wa vitabu hivi, na ndio uliovifanya viwe rahisi kuharibika. Picha iliyoshikwa na gundi ya ukingo mmoja hubanduka yenyewe baada ya miaka mingi, na mtu anayetaka kuiondoa hahitaji hata mkasi.

Toleo la kawaida na toleo la nakala chache

Vitabu vingi vya Rackham vilikuwa vitabu vya zawadi, vilivyotolewa kabla ya Krismasi. Kwa kawaida kazi moja ilitoka kwa namna mbili:

* Toleo la kawaida: lilijalidiwa kwa kitambaa chenye mapambo ya dhahabu na kuuzwa katika maduka ya vitabu.
* Toleo la nakala chache: lilikuwa kubwa zaidi, likachapwa kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa mkono. Mara nyingi lilijalidiwa kwa velamu, yaani ngozi nyeupe ya mnyama, na kufungwa kwa utepe wa hariri. Kila nakala ilipewa namba, na kwa kawaida mchoraji alitia sahihi yake kwa wino.

Katika nakala chache sana Rackham aliongeza mchoro mdogo wa mkono wake. Nakala hizo hazina pacha.

Vitabu vinavyotafutwa zaidi

Baadhi ya matoleo ya nakala chache yanayojulikana ni haya:

* Rip Van Winkle cha Washington Irving (1905): nakala 250. Kina picha 51 za rangi.
* Peter Pan in Kensington Gardens cha J. M. Barrie (1906): nakala 500. Kina picha 50 za rangi.
* Alice's Adventures in Wonderland cha Lewis Carroll (1907): nakala 1,130. Ni hadithi ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu.
* A Midsummer Night's Dream cha William Shakespeare (1908): nakala 1,000. Kina picha 40 za rangi.
* Hadithi za ndugu Grimm, toleo jipya lenye picha za rangi (1909): nakala 750.
* Hekaya za Aesop (1912): nakala 1,450. Utangulizi wake uliandikwa na G. K. Chesterton.
* A Christmas Carol cha Charles Dickens (1915): nakala 525.
* Tales of Mystery and Imagination cha Edgar Allan Poe (1935): nakala 460.

Kitabu cha Alice kilitoka mara tu hakimiliki ya maandishi yake ilipokwisha nchini Uingereza mwaka 1907. Wasomaji wengi walikuwa wamezoea michoro ya John Tenniel ya mwaka 1865, hivyo baadhi yao walimwona Rackham kama mvamizi. Hata hivyo toleo lake limeendelea kuchapwa tena na tena.

Kazi ya mwisho ya Rackham ilikuwa The Wind in the Willows cha Kenneth Grahame. Miaka mingi kabla yake alikuwa ameombwa kukichora akakataa kwa sababu ya wingi wa kazi. Alikimaliza akiwa mgonjwa wa saratani, akafa mwaka 1939 kabla hakijatoka. Kilichapishwa New York mwaka 1940 katika nakala 2,020. Sahihi iliyomo si ya Rackham bali ni ya Bruce Rogers, msanifu wa kitabu hicho. Toleo la Uingereza lilifuata mwaka 1950.

Kutambua nakala

Mkusanyaji huanza kwa kuhesabu picha. Vitabu vingi vina orodha ya picha mwanzoni, na kila picha hulinganishwa na orodha hiyo. Katika matoleo ya kwanza ya Rip Van Winkle na Peter Pan, picha karibu zote zimekusanywa mwishoni mwa kitabu badala ya kutawanywa kati ya kurasa, kwa hiyo mnunuzi anayepekua haraka anaweza asigundue pengo.

Mambo mengine yanayokaguliwa ni:

* Mwaka na historia ya uchapaji. Hivi hutafutwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu na nyuma yake. Vitabu vya Rackham vilichapwa upya mara nyingi, na baadhi havina mwaka. Kuwa kitabu cha zamani hakukifanyi kiwe toleo la kwanza.
* Sahihi. Picha nyingi zina jina la Rackham pembeni, lakini hilo limechapwa pamoja na picha. Sahihi ya mkono hukaa kwenye ukurasa unaotaja idadi ya nakala, karibu na namba.
* Nukta za uchapaji. Picha iliyochapwa huonyesha nukta ndogo za rangi chini ya kioo cha kukuzia. Mchoro asilia wa rangi za maji hauna nukta hizo.
* Jalada la karatasi la nje. Wanunuzi wengi wa zamani walilitupa, hivyo nakala iliyobaki nalo huwa na bei kubwa zaidi.
* Utepe wa hariri. Katika majalada ya velamu utepe mara nyingi umekatika au umebadilishwa.

Wakusanyaji hutumia pia vitabu vya marejeo. Orodha ya kazi za Rackham iliyotungwa na Latimore na Haskell ilitoka mwaka 1936, mchoraji akiwa hai. Derek Hudson aliandika maisha yake mwaka 1960, na Richard Riall alitoa orodha mpya mwaka 1994.

Tatizo la kuvunja vitabu

Baadhi ya wauzaji hununua kitabu, hubandua picha zake na kuziuza moja moja zikiwa ndani ya fremu. Sababu ni hesabu ya biashara: kitabu chenye jalada lililochakaa au kurasa zilizolegea huuzwa kwa bei ndogo, lakini picha 40 au 50 zikiuzwa mbalimbali zinaweza kuleta fedha nyingi kuliko kitabu chenyewe.

Wanaotetea desturi hiyo husema kwamba kitabu kilichokwisha kuharibika hakina hasara zaidi, na kwamba watu wasioweza kumudu kitabu kizima hupata walau picha moja. Wanaoipinga husema kwamba Rackham alichora picha hizo zifuatane na hadithi, na kwamba picha ikitengwa na maandishi yake hubaki pambo tu. Tena, nakala za toleo lenye namba haziwezi kuongezwa: nakala 250 za Rip Van Winkle zinaweza kupungua tu. Kwa sababu hiyo wakusanyaji wengi na wakutubi hupendelea kitabu kilichochakaa lakini kamili kuliko kisafi kilichopungukiwa picha.

Utunzaji

Adui wakubwa wa vitabu hivi ni mwanga, unyevunyevu na wadudu. Jua hufifisha kitambaa cha mgongo wa kitabu. Unyevunyevu huleta madoa ya kahawia kwenye karatasi, na velamu hujipinda hali ya hewa inapobadilika. Vitabu hivyo huwekwa ndani ya makasha, mbali na dirisha na ukuta wenye maji. Picha iliyobanduka haibandikwi kwa gundi ya kawaida wala utepe wa plastiki. Huhifadhiwa mahali pake ndani ya kitabu mpaka ifike kwa fundi wa kutengeneza vitabu.

Mikusanyo ya umma na nakala za kidijitali

Wanunuzi wa Marekani walikuwa muhimu kwa Rackham, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, soko la vitabu vya kifahari lilipopungua Ulaya. Mwaka 1927 alitembelea New York, na baadaye maktaba ya umma ya mji huo ilimwagiza picha mpya za A Midsummer Night's Dream. Mikusanyo mingine mikubwa iko katika Chuo Kikuu cha Columbia na katika maktaba ya umma ya Philadelphia.

Nchini Uingereza hakimiliki ya michoro ya Rackham ilikwisha mwishoni mwa mwaka 2009, miaka 70 baada ya kifo chake. Vitabu vyake vingi sasa husomwa bure kwenye intaneti kupitia Project Gutenberg na Internet Archive. Humo mwanafunzi anaweza kuona picha zote za kitabu kwa mpangilio wake, na mkusanyaji anaweza kulinganisha nakala aliyonayo mkononi na nakala iliyo kamili.

Tazama pia

* Lewis Carroll
* Hekaya za Aesop
* Ndugu Grimm
* Uchapaji