Ping ya Nairobi ilipopitia angani

Jamani, intaneti ya nyumbani ikikatika-katika hapa Sagana, mimi hutuma ping tatu: kwa ruta, kwa seva ya Nairobi, halafu Ulaya. Ruta ikikosa kujibu, kagua waya na waifai kabla ya kumpigia mtoa huduma.

Hiyo ya pili ina historia. Zamani barua pepe kati ya kampuni mbili za intaneti za Nairobi ilipanda setilaiti hadi ng'ambo, ikarudi, kwa gharama ya kimataifa. KIXP ikaanza Novemba 2000 ili wakutane papo hapo Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ikalalamika, Desemba CCK ikaifunga (ajabu!). Ilifunguliwa tena Februari 2002.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika. Ping ya Ulaya ilisuasua, ya Nairobi ikajibu upesi.