Elimu bila ada kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili: Anachopewa na anachobakiziwa mzazi

Na Mwandishi Wetu

MZAZI mwenye mtoto anayeishi na ulemavu wa akili, usonji au mtindio wa ubongo hukabiliwa mapema na swali moja: mtoto huyu atasoma wapi? Wapo ambao hadi leo hulijibu kwa kumwacha nyumbani, wakiamini kuwa shule si mahali pake. Sheria za Tanzania zinasema vinginevyo.

Haki iliyopo

Ada katika shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikafutwa pia ya kidato cha tano na sita.

Aidha, mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 24 inahusu elimu. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Kifungu cha 27 kinampa mtoto huyu haki ya kusoma sawa na wenzake. Hivyo, kumkataa kwa sababu tu ya ulemavu ni kwenda kinyume cha sheria hiyo.

Mahali pa kusoma

Njia ni tatu: darasa la kawaida katika mfumo wa elimu jumuishi, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, ni miongoni mwa zinazojulikana kwa kupokea watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu.

Ni vyema ifahamike kuwa mtindio wa ubongo huathiri uwezo wa kutawala misuli, na si kila mwenye nao ana ulemavu wa akili. Kwa sababu hiyo mtoto hupimwa kwanza, ndipo apangiwe darasa linalomfaa.

Gharama zinazobaki

Hata hivyo, kufutwa kwa ada hakukuondoa gharama zote. Sare, madaftari na matibabu hubaki mikononi mwa mzazi. Kwa mtoto asiyeweza kutembea au kupanda basi peke yake huongezeka nauli ya watu wawili, nepi na safari za hospitali kwa mazoezi ya viungo. Mara nyingi mama hulazimika kuacha biashara yake ili ampeleke na kumrudisha. Hapo ndipo wengi hukwama, ingawa nafasi darasani ipo.

Hatua za kuchukua

Mtoto anayechelewa kukaa, kutembea, kuongea au kuitika jina lake apelekwe kliniki mapema, bila kusubiri umri wa kuanza shule. Kisha mzazi amwone ofisa elimu maalumu wa halmashauri yake, aulizie upimaji na shule yenye kitengo iliyo karibu. Akikataliwa shuleni, aombe sababu kwa maandishi na kuiwasilisha kwa ofisa huyo.

Kwa upande wa halmashauri, usafiri, chakula na bweni salama ndivyo vitakavyoamua kama haki iliyoandikwa mwaka 2010 itamfikia mtoto aliye mbali na shule.